Kumng'oa Aliye Kitini: Mwongozo Kamili wa Kugombea Ubunge wa Jimbo Minnesota

Novemba 2024, wapiga kura wa wilaya ya 38A, pande za Brooklyn Park, walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota. Ndiye mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuketi katika bunge la jimbo hili. Tangu usiku ule, kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya kununua unga wa ugali, watu wananiuliza: "Na mimi nikitaka, naanzia wapi?" Wananiuliza kwa sababu nimebisha hodi katika kampeni tatu za hapa, na moja kati ya hizo niliisimamia mwenyewe tangu siku ya kwanza hadi usiku wa matokeo.

Kiti cha Huldah kilikuwa wazi, aliyekikalia kabla yake alikuwa anastaafu. Mwongozo huu ni wa kazi iliyo ngumu zaidi ya hiyo: kugombea dhidi ya mtu ambaye tayari amekalia kiti, jina lake linajulikana, na wenye fedha wanapokea simu yake. Inawezekana. Mwaka 2016 Ilhan Omar, aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi Kenya, alimng'oa Phyllis Kahn aliyekuwa bungeni kwa miaka 44. Nitamrudia baadaye, kwa sababu namna alivyoshinda ina mafunzo mengi.

Naandika juu ya Minnesota peke yake. Kila jimbo la Marekani lina sheria zake, kwa hiyo aliye Texas, Ohio au Maine achukue mtindo wa kazi, lakini tarehe na viwango atafute vya kwao.

Kijue kiti unachokitaka

Minnesota ina wilaya 67 za Seneti, na kila moja imekatwa vipande viwili, A na B. Ndiyo maana Baraza la Wawakilishi lina viti 134. Kwa sensa ya 2020 kila kiti kina watu wapatao 42,600, yaani mji mdogo. Muhula ni miaka 2 tu, hivyo aliye kitini hurudi kuomba kura mapema kuliko anavyopenda, na wewe ukishindwa leo husubiri miaka 5 kama nyumbani.

Si lazima uwe umezaliwa Marekani. Sharti hilo ni la urais. Kwa bunge la jimbo unatakiwa uwe raia mwenye haki ya kupiga kura, uwe na umri wa miaka 21, uwe umeishi Minnesota mwaka mzima na ndani ya wilaya unayoigombea miezi 6 kabla ya siku ya uchaguzi.

Hiyo miezi 6 isomwe mara mbili. Mwaka 2024 mgombea wa kiti cha 40B, pande za Roseville, alishinda kwa tofauti kubwa. Mpinzani wake akaenda mahakamani kudai kwamba nyumba aliyosema ni yake ndani ya wilaya hakuwa anaishi humo. Desemba hakimu akakubaliana na madai hayo, ushindi ukafutika, na uchaguzi mdogo ukafanyika Machi 2025. Kwa hiyo usikodi chumba kwa rafiki ukaacha familia upande wa pili wa barabara. Hamia kweli: barua zako zije pale, watoto walale pale, bili ya umeme iwe na jina lako.

Mshahara wa mbunge tangu 2023 ni dola 51,750 kwa mwaka, na vikao huanza Januari au Februari vikaisha Mei. Wengi wetu hapa ni wauguzi, walezi wa wazee, madereva na wahudumu wa nyumba za kulea. Ongea na mwajiri kabla hujaongea na jirani, na zaidi ya hapo ongea na mwenzi wako wa ndoa. Kampeni hula jioni zote za miezi minane, na nimeona mgombea mzuri akiacha kampeni katikati ya Julai kwa sababu hakuna aliyekuwa anawapikia watoto.

Piga hesabu kabla ya kuandika hotuba

Tovuti ya Katibu wa Jimbo, ofisi inayosimamia uchaguzi, ina matokeo ya kila kituo kwa miaka mingi nyuma. Kaa nayo jioni nzima na daftari. Unatafuta jibu la swali moja: vita vyako ni vya Agosti au vya Novemba?

Kama chama kimoja hushinda wilaya yako kwa asilimia 70, Novemba hakuna shindano. Shindano ni mchujo wa chama hicho, Jumanne ya pili ya Agosti. Kama tofauti huwa asilimia 3 au 4, basi mchujo ni mlango tu, na vita ni vya Novemba dhidi ya chama kingine. Kampeni mbili hizi hazifanani hata kidogo. Ya Agosti inawatafuta wanachama waliochoka na aliye kitini pamoja na watu ambao hawajawahi kupiga kura ya mchujo. Ya Novemba inamtafuta jirani ambaye hana mapenzi na chama chochote.

Ilhan alipigana vita vya Agosti. Wilaya ya 60B ni Cedar-Riverside na mitaa iliyozunguka Chuo Kikuu cha Minnesota, ngome ya DFL, ambalo ndilo jina la chama cha Democratic katika jimbo hili. Walikuwa watatu: yeye, Kahn, na Mohamud Noor. Wasomali wangeweza kugawanyika kati ya Wasomali wawili, na kwa hesabu hiyo Kahn angepita katikati. Ilhan hakuitegemea jamii yake peke yake. Alikwenda kwa wanafunzi, kundi ambalo kila mtu alikuwa amezoea kuliruka kwa sababu Agosti hawapigi kura, na akawapata. Alimaliza na asilimia 41 hivi, wenzake wakigawana zilizobaki.

Sasa chukua mfano wa kwako. Tuseme mchujo wa Agosti wilayani kwako hupigiwa kura 3,500, na mko wawili. Unahitaji 1,751. Weka lengo la 2,000 ili upate usingizi. Kati ya watu utakaozungumza nao ana kwa ana, hesabu kwamba nusu watakupa kura, basi unahitaji mazungumzo 4,000. Mlango mmoja kati ya minne hufunguliwa, basi ni milango 16,000. Mtu mmoja anayetembea vizuri hubisha milango 20 kwa saa, hiyo ni saa 800. Ukianza katikati ya Machi una wiki 20, maana yake saa 40 kwa wiki. Wewe mwenyewe fanya 20, na tafuta watu watano wa saa 4 kila mmoja. Mpaka hapo huna haja ya kutabiri utashindaje, unayo ratiba.

Kuna wakati nitaambiwa namba hizi ni nyingi. Mwaka 2024 kiti cha 54A, pande za Shakopee, kiliamuliwa kwa kura 15 baada ya kuhesabiwa upya, na kilipofungwa Baraza zima lilikuwa limegawanyika 67 kwa 67. Kule Virginia mwaka 2017, wilaya ya 94, wagombea wawili walipata kura 11,608 kila mmoja. Waliandika majina kwenye karatasi, wakayatia katika bakuli la udongo, na Januari 2018 wakachomoa moja. Aliyechomolewa, David Yancey, ndiye aliyekuwa kitini, na kwa karatasi ile chama chake kikabaki na wingi wa viti 51 kwa 49. Shelly Simonds, mpinzani wake, alirudi mwaka 2019 akakichukua kiti. Mimi nikichoka saa moja jioni, huwa nalikumbuka bakuli lile, nabisha milango kumi zaidi.

Fedha: hapa hakuna harambee

Naomba hapa usome polepole, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoweza kuumia.

Ukishapokea au kutumia zaidi ya dola 750, unatakiwa uwe umesajili kamati ya kampeni kwenye Bodi ya Fedha za Kampeni ya Minnesota ndani ya siku 14. Nashauri usajili kabla ya dola ya kwanza. Unahitaji mweka hazina na akaunti ya benki ya kampeni peke yake. Mweka hazina asiwe shemeji mwenye moyo mzuri asiyependa makaratasi. Tafuta mtu anayehifadhi risiti za chai.

Mchango wa mtu mmoja kwa mgombea wa Baraza la Wawakilishi hauzidi dola 1,000 kwa kipindi cha uchaguzi. Anayevusha dola 200 jina lake, anwani na kazi yake vinaandikwa katika ripoti ambayo ulimwengu mzima unaweza kuisoma. Kampuni haziruhusiwi kumchangia mgombea, hata kama ni kampuni ndogo ya binamu yako ya kulea wazee. Hundi yake ya biashara irudishe, mwombe ya binafsi.

Sheria ya taifa inakataza mtu asiye raia na asiye na grini kadi kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, wa taifa au wa jimbo. Mjomba aliye Kisii, dada aliye Dar es Salaam, mwanafunzi mwenye viza, wote hawaruhusiwi kutoa hata senti. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Kwa hiyo usianzishe kundi la WhatsApp la kuchangisha ambamo nusu ya watu wako Nairobi, na usipokee chochote kwa M-Pesa.

Na lile bakuli letu la kupitisha kwenye sherehe, kila mtu akatia alichonacho, hapa lina mpaka: mchango usiojulikana ni wa nani haupaswi kuzidi dola 20, na unaozidi hauwi wako, unapelekwa kwa Bodi. Weka meza mlangoni, kijana mwenye fomu, jina, anwani, kazi, sahihi. Wazee watanung'unika. Waeleze kwa heshima kwamba fomu hiyo ndiyo inayokulinda usipelekwe mahakamani.

Baada ya makatazo, kuna neema ambayo wengi hawaijui. Minnesota ina mpango wa kurudisha michango. Tangu 2024, mkazi akimchangia mgombea aliyesaini makubaliano ya fedha za umma, jimbo linamrudishia hadi dola 75 kwa mwaka, na wanandoa wanaowasilisha kodi pamoja hadi 150. Saini makubaliano hayo mapema, maana bila hayo huwezi kutoa risiti rasmi inayotakiwa. Kisha sema hivi mlangoni: "Mama, ukinipa 75 leo, jaza fomu hii na risiti, serikali ya jimbo itakutumia 75 zako." Kampeni yetu ilisimama kwa dola hizo. Walezi wa wazee wanaolipwa kwa saa walichanga kama matajiri.

Kanisani na msikitini nenda, salimia, kaa mpaka mwisho. Usichangishe fedha pale wala usimwombe mchungaji akutangaze madhabahuni. Sheria ya kodi juu ya jambo hilo si ya kuchezea, na kosa litakuwa juu ya kanisa lililokupokea ulipofika nchi hii na sanduku moja.

Februari: kokasi

Mapema mwaka wa uchaguzi kila chama hufanya mikutano ya mitaa inayoitwa kokasi, saa moja usiku, mara nyingi katika shule. Baridi inakata masikio. Watu wachache hufika, na hao wachache ndio wanaochagua wajumbe wa mkutano wa wilaya, ambao nao huamua chama kimuidhinishe nani. Kwa DFL unahitaji asilimia 60 ya wajumbe.

Kwa nini ujali? Aliyeidhinishwa hupata orodha ya wapiga kura ya chama, hupata jina kwenye karatasi ya chama inayotumwa majumbani, na hupata wanaojitolea. Aliye kitini huichukulia kokasi kama mazoea, na nafasi yako ni hapo. Watu 8 uliowaleta kwa gari mbili katika chumba chenye watu 14 wanabadilisha ujumbe wa mtaa mzima. Wafundishe kabla: watasikia maneno ya utaratibu wasiyoyajua, wataombwa wasimame, wagawanyike kwa makundi. Sisi tulifanya mazoezi sebuleni kwa mtu, wali na kuku vikiwa mezani, mmoja akiigiza mwenyekiti.

Ukiona huwezi kufika 60, jitahidi mwingine naye asifike. Mwaka 2016 kule 60B mkutano uliisha bila yeyote kuidhinishwa, na wote watatu wakaenda kwenye mchujo wakiwa sawa. Kwa mpinzani, huo ni ushindi.

Mei: kujiandikisha

Hili ni fupi. Dirisha hufunguliwa wiki mbili tu, mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Unajaza kiapo cha ugombea mbele ya afisa, unalipa dola 100 au unaleta saini, basi. Nenda siku ya kwanza. Andika jina kama unavyotaka lisomeke kwenye kura, na anza kulitumia hivyo hivyo kila mahali tangu leo.

Hodi

Sisi tumelelewa na neno hili. Hujasogelea mlango wa mtu bila kusema hodi, na hujaingia bila kukaribishwa. Marekani hawana neno lake, lakini kitendo wanakielewa vizuri kuliko tunavyodhani, na ndiko mpinzani anakomshinda mwenye fedha. Barua ya rangi inasomwa kwa sekunde tatu kati ya kisanduku na pipa la taka. Mtu aliyesimama barazani kwako na viatu vyenye matope unamkumbuka.

Kwanza, usibishe kila mlango. Orodha ya wapiga kura inaonyesha nani amejiandikisha na alipiga kura miaka gani. Haionyeshi alimpa nani. Kwa mchujo anza na waliopiga kura katika michujo miwili iliyopita, kisha waliopiga mmoja, kisha wageni waliojiandikisha karibuni, ambao ndio akiba yako.

Saa nzuri siku za kazi ni kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi giza linapoingia, na Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Bonyeza kengele mara moja, rudi nyuma hatua tatu, simama upande ili wakuone vizuri dirishani, mikono ionekane. Kwa mtu mweusi katika mtaa asiojulikana hili si jambo la adabu peke yake. Vaa shati lenye jina la kampeni na kitambulisho kifuani, na vijana wetu watembee wawili wawili. Nasema hivi kwa uchungu, lakini nasema.

Maneno ya mlangoni yawe machache. Jina lako. Unaishi mtaa gani wa hapa hapa. Unagombea nini. Kisha swali, na baada ya swali nyamaza: "Ni kitu gani hapa kwetu kinakukera?" Wagombea wengi huuliza wakajijibu wenyewe.

Nakumbuka mlango mmoja mwezi Mei. Mzee wa Kizungu, soksi bila viatu, televisheni ikinguruma nyuma yake. Mgombea wetu alipomaliza jina lake refu mzee akasema hatapigia mtu wa chama hicho hata kidogo. Mgombea akasema sawa, akauliza swali lile lile. Kimya kirefu. Kisha mzee akaonyesha kwa kidole kona ya barabara: basi la shule linasimama pale, taa ya barabarani imekufa tangu Oktoba, na mjukuu wake husubiri gizani. Taa si kazi ya bunge la jimbo, ni ya mji. Mgombea hakusema hivyo. Aliandika namba ya nguzo, kesho yake akapiga simu ofisi ya mji, na baada ya wiki mbili akarudi kumwambia walichomjibu. Septemba tulikuta kibao chetu kwenye ua wa mzee yule. Hatukumpa sisi, alikichukua kwa jirani.

Andika kila mlango kabla hujafika mwingine: alama 1 ni wako kabisa, 3 hajaamua, 5 ni wa mwenzako, na neno moja la alichosema. Jioni ile ile mtumie wa alama 3 kadi ya mkono, mstari mmoja unaotaja alichokisema. Wa alama 5 muache kwa amani, usimrudie wala usibishane naye. Wa 1 atarudiwa mara moja tu, wakati wa kumkumbusha kupiga kura.

Maghorofa ya kupanga ndiyo yanayorukwa na kampeni nyingi, nao watu wetu ndimo wanamoishi: Wakenya, Waliberia, Wasomali, Wahmong. Milango ya chini imefungwa, na msimamizi hukataa. Sheria ya Minnesota iko upande wako. Kifungu 211B.20 kinakataza kumzuia mgombea na wanaoandamana naye kuingia katika jengo la kupanga kwa ajili ya kampeni, akishasajili kamati, au akishatoa ripoti yake ya fedha, au akishajiandikisha rasmi. Msimamizi anaweza kutaka kitambulisho, miadi, na idadi ya watu isiyo kubwa. Chapisha kifungu hicho, kiweke kwenye folda, na piga simu siku moja kabla. Tulizuiwa mara moja, kijana wa mapokezi akisoma karatasi yetu huku midomo ikitikisika, akampigia bosi wake, na dakika kumi baadaye tukawa kwenye lifti.

Ndani ya majengo yale wakati ni mwingine. Nusu hufanya kazi usiku. Ukibisha saa tano asubuhi unamwamsha muuguzi aliyelala saa mbili. Waulize wenyewe, panga kwa zamu zao. Na utakuta wengi si raia bado. Usimvuke mtu huyo. Hawezi kupiga kura, na mwambie kwa upole asijiandikishe kabisa hata akipewa fomu dukani, kwa maana kura moja ya asiye raia ni jinai na inaweza kumfukuzisha nchini. Lakini anaweza kujitolea bila malipo, na katika kampeni yetu waliotembea zaidi ya wote walikuwa watu wa namna hiyo.

Waulize pia walio na kesi za zamani. Tangu Juni 2023, aliyehukumiwa lakini hayuko gerezani ana haki ya kupiga kura Minnesota, na wapo wengi wanaoishi bila kujua.

Kuhusu kitu cha kupeleka mlangoni: kipeperushi tu, kikiwa na maandishi ya lazima kwamba kimetayarishwa na kulipiwa na kamati gani, na anwani yake. Hakuna leso, unga wala nauli. Kumpa mtu kitu ili apige kura ni kosa la jinai. Chai na mandazi kwenye mkutano, vikaliwa hapo hapo, havina tatizo. Kama hakuna mtu, kipeperushi chomeka kwenye komeo. Usikitie kamwe ndani ya kisanduku cha barua, kwa kuwa sheria ya taifa inakihifadhi kwa barua zenye stempu.

Vibao na barua

Vibao vya uani havipigi kura. Vinasaidia jina geni lizoeleke machoni, na kwa majina yetu hilo lina thamani. Agiza vya kutosha, usitumie zaidi ya sehemu ndogo ya fedha, na visimame kwenye ua wa mtu aliyekubali, si kando ya barabara kuu. Fedha zitakazobaki ziende kwenye barua mbili au tatu kwa wale wa alama 3, zifike kura za mapema zinapoanza.

Kura za mapema na siku yenyewe

Minnesota hufungua kura za mapema siku 46 kabla ya uchaguzi, wa Agosti na wa Novemba vilevile. Kwa hiyo kwa mchujo wa tarehe 11 Agosti 2026 watu wanapiga kura tangu mwisho wa Juni. Usiweke nguvu zako zote kwenye wiki ya mwisho. Mwenye zamu za usiku mwombe aipige mapema, na ulifute jina lake kwenye orodha.

Kwa mchujo wafundishe watu jambo moja kwa mfano wa karatasi mkononi: Minnesota haisajili wapiga kura kwa chama, na karatasi ya mchujo ina safu za vyama pembeni kwa pembeni. Ukitia alama safu mbili tofauti, kura za vyama zinaharibika. Tulipoteza kura hivyo, za akina mama waliotaka kuwa na adabu kwa pande zote.

Siku ya uchaguzi vituo vingi hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, na aliye kwenye foleni saa mbili anapiga. Ambaye hajajiandikisha anaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo kwa kitambulisho na uthibitisho wa makazi, au mpiga kura wa mtaa wake amdhamini kwa kiapo. Mfanyakazi ana haki ya kutoka kazini akapige kura bila kukatwa mshahara. Chapisha maneno hayo kwenye kadi ndogo, walezi wa wazee wamuonyeshe msimamizi. Ndani ya futi 100 za kituo hakuna kampeni yoyote, hata shati, kwa hiyo madereva wako wavae kawaida.

Gawa orodha ya wa alama 1 ambao hawajapiga kwa watu sita wenye simu. Saa sita mchana, saa kumi, saa kumi na mbili jioni. Swali liwe la mpango: "Unaenda saa ngapi, na unaenda na nani?"

Baada ya saa mbili usiku

Tofauti ikiwa chini ya nusu ya asilimia moja, una haki ya kuomba kura zihesabiwe upya kwa gharama ya umma. Usikubali kushindwa wala usitangaze ushindi mpaka umeona namba za vituo vyote na za kura za mapema. Mpigie mwenzako simu usiku ule ule kukishakuwa wazi, umwite kwa cheo chake.

Vibao ving'olewe ndani ya siku 10. Zunguka mwenyewe na gari, na unapong'oa, bisha hodi useme asante. Kampeni niliyoisimamia ilishindwa, na milango ile ya Novemba ndiyo iliyofunguka haraka kuliko yote. Mzee wa taa alitoka na koti safari hii, akauliza tunaanza lini tena. Tukamwambia ripoti ya fedha ya mwisho wa mwaka inatakiwa kwa Bodi kufikia tarehe 31 Januari, tuimalize kwanza. Daftari zenye alama za milango 14,000 ziko kwenye kabati la jikoni kwangu, zimefungwa kwa kamba kwa mitaa.